Nani Ainuke Kwanza Mezani

Jumapili, 2 Oktoba 1921. Thorsgarth

Dada Keziah, najua ukiuona mwandiko wangu utakunja uso kwanza, kisha ndiyo usome. Una haki. Tangu kiangazi sijakuandikia neno, na wewe barua zako zimekuja moja baada ya nyingine, zote habari za Hetty, wala hukunilaumu hata kidogo. Ungenilaumu ningepumua. Nisamehe. Udhuru wangu ni uchovu tu, na uchovu si udhuru kwa mtu anayenilelea mtoto. Nimeamua niwe naandika humu kidogo kidogo, siku yenye jambo na siku isiyo na jambo, kisha nikutumie kurasa zote pamoja. Ukiona kimya tena, ujue ninaandika.

Nianze na lile zito. Habari ya Kanada nimeisoma. Shemeji Amos ana kaka mwenye shamba la ngano huko, meli inaondoka Machi, na mngependa kwenda na Hetty, awe binti yenu kabisa. Unasema hapa hana pa kuishi na mama yake. Ni kweli. Ninalala chini ya paa na wasichana watatu, na hakuna nyumba kubwa inayokubali kijakazi mwenye mtoto ubavuni. Umenipa mpaka mwisho wa Januari nijibu, Amos apate kukata tikiti. Nashukuru kwa muda huo. Lakini sijasema ndiyo, dada, na usimwambie mtoto kana kwamba nimesema.

Nyumba ndogo ya langoni iko tupu tangu mlinzi wa lango alipofariki. Juzi nilikuwa napanga maua, Bibi Mkubwa akasimama nyuma yangu. Akasema msimu huu wa kuwinda ndege ukipita na chumba cha kulia kisimwaibishe, atanifanya mkuu wa chumba hicho, na nyumba ya langoni huenda na cheo. "Na mtoto wako, nadhani," akaongeza, akiwa anatazama maua. Vyumba viwili na jiko, Keziah. Nimekwenda kuchungulia dirishani.

Jumanne, 4 Oktoba

Mvua. Nimeng'arisha vinara.

Jumamosi, 8 Oktoba

Wageni wa kwanza wa bunduki wamekuja. Zamani, kabla ya vita, sahani za nyumba hii zilibebwa na vijana wanne warefu waliovaa vifungo vya dhahabu. Wawili hawakurudi kutoka Ufaransa, wengine wanatengeneza magari mjini. Sasa tunabeba sisi wanawake, na Bibi Mkubwa hajatusamehe ufupi wetu.

Leo Bwana Pardoe, mkuu wa watumishi, alitusimamia mimi na Phyllis, kijakazi mwenzangu, tukitandika meza. Kitambaa hupigwa pasi palepale mezani ili kisiwe na mkunjo hata mmoja. Uma kushoto, visu kulia, vyote vikae ndani ya ukingo wa meza kwa pingili moja ya kidole gumba, na kidole ni chake, si chetu. Bilauri nne kila kiti. Chakula huletwa kwa mkono wa kushoto wa mgeni, kinywaji kwa mkono wa kulia. Huongei. Husikii. Mgeni akisema mzaha, wewe ni kabati.

Phyllis akauliza, "Kwa nini bilauri ya maji ikae hapa na si pale, Bwana Pardoe?"

"Meza ni kama kanisa, mwanangu. Siku watu wakianza kuuliza kwa nini, paa litaanza kuvuja."

"La hapa linavuja tayari. Nimeacha ndoo tatu juu."

Bwana Pardoe alijigeuza kutazama dirisha, lakini niliona mabega yake yakicheka.

Alhamisi, 20 Oktoba

Ukungu. Mahali hapa ukungu ukiingia unakaa kama mgeni asiye na aibu.

Nataka nikueleze Bibi Mkubwa, maana nilikuwa namwogopa tu, na sasa namtazama kama mtu anavyomtazama fundi. Mume wake alikufa miaka mingi iliyopita. Mwanawe Bwana Roland hukaa kichwani mwa meza, yeye hukaa mwisho wa pili, wakitazamana. Kutoka pale anaendesha watu wote kwa shingo. Kuanzia supu anaongea na wa kulia kwake, na kila mtu anaongea na jirani yake mmoja. Samaki wakiondolewa, nyama ikiingia, yeye hugeuza kichwa kushoto, na meza nzima inageuka, kama kondoo waliomsikia mbwa. Asiyegeuka anaachwa na migongo miwili.

Na mwisho, watu wakishanawa vidole katika vibakuli, Bibi Mkubwa humtafuta kwa jicho yule mwanamke mwenye cheo kuliko wageni wote. Wakikutana macho basi. Anaweka kitambaa chake mezani, anainuka, na wanawake wote wanainuka naye na kutoka, wanaume wabaki na mvinyo na sigara zao. Haneni. Jicho moja tu. Leo nilijikuta nimesimama wima kuliko kawaida, kana kwamba jicho lile lilikuwa langu.

Alhamisi, 27 Oktoba

Mvua. Nimevunja kibakuli kimoja. Bwana Pardoe alisema ni paka. Hatuna paka.

Jumapili, 6 Novemba

Nimerudi kutoka kwenu jana jioni na nimeshindwa kuandika mpaka sasa. Wewe ulikuwepo, ulichoona uliona. Lakini hukuona njiani. Nilitembea kutoka stesheni na skafu niliyomfumia, nikijisemea atakimbia, au labda atasimama, lakini atacheka. Akajificha nyuma ya sketi yako. Ukamwambia, "Msalimie mama." Akakutazama wewe, akasema, "Wewe ndiye mama."

Najua hukumfundisha. Uso wako uliiva na Shemeji Amos akaanza kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Sina kinyongo. Mtoto humwita mama yule anayemfunga viatu. Lakini ulipoondoka kuchota maji, nilimwita, akaja karibu kidogo, akanusa mkono wangu. Akasema, "Unanuka sabuni ya fedha." Nikamwambia ndiyo, kung'arisha vyombo vya fedha ndiyo kazi yangu. Akasema, "Mama yangu ananuka mkate."

Nilikula mkate wako, nikasifu, nikaondoka na treni ya saa kumi. Alikuwa bado ameikunja sketi yako katika ngumi.

Jumanne, 15 Novemba

Bwana Pardoe yuko kitandani. Kifua. Anakohoa mpaka tunamsikia jikoni. Bibi Mkubwa amesema mimi nishike nafasi yake katika chumba cha kulia mpaka atakapopona, na Bi Gowland mpishi akanipa mkono kana kwamba nimefiwa.

Nimeelewa leo kwa nini. Huku chini na sisi tuna meza yetu na sheria zake. Sote tunakula nyama pamoja, mkuu wa watumishi akiweka kisu chini kila mtu anaweka, hata kama viazi bado viko mdomoni. Kisha mkuu huinuka, anachukua pudini yake, anatoka nayo kwenda kuila katika chumba chake, maana haifai mkubwa aonwe na wadogo akilamba kijiko. Zamani walikuwa kundi, wakuu wa idara zote, wakitoka kwa mstari. Msimamizi wa vijakazi aliachishwa kazi baada ya vita, na Bi Gowland haachi jiko lake. Nimebaki mimi.

Nilidhani wataniacha nikae. Nikaweka kisu chini. Meza yote ikaweka visu na kunitazama. Phyllis akanifungulia mlango, akainama mpaka kofia ikamwanguka. "Pita, Malkia wa Pudini."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Mlango ukafungwa. Nikakaa katika kiti cha Bwana Pardoe na kastadi yangu, nikisikiliza wengine upande wa pili wa ukuta wakiendelea na kicheko ambacho sasa hakikuwa na mimi ndani.

Alhamisi, 24 Novemba

Theluji nyepesi. Bunduki mchana kutwa. Pudini ya tufaha, peke yangu.

Jumatano, 14 Desemba

Bwana Roland ameoa leo huko Bradford. Imogen, binti wa mwenye kiwanda cha sufu. Phyllis anasema sasa angalau tutapata mablanketi. Bibi Mkubwa alirudi kutoka harusini, akataka chai, akainywa akiwa amevaa kofia.

Jikoni kuna swali ambalo hakuna anayelisema kwa sauti. Mwana akioa, kiti cha mwisho wa meza ni cha mkewe. Ndivyo ilivyo nyumba zote. Mama mjane husogea ubavuni, kisha baada ya muda huhamia Nyumba ya Mjane ng'ambo ya bwawa, walikohamia wajane wote wa ukoo huu wa Heseltine. Kuna unyevu huko, na bundi. Kila mtu anajua haya, Bibi Mkubwa kuliko wote.

Bi Gowland alisema tu, "Fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse ng'ombe jike."

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Wewe, Amos na Hetty mmekula bata? Sisi tulitandika meza mbili.

Jumatatu, 9 Januari 1922

Bibi Mdogo amefika. Msichana wa miaka ishirini, mikono mirefu asiyojua aiweke wapi. Alinipa mkono. Niliushika, kisha wote wawili tukaona kwamba sikupaswa kuushika. Kwa wiki hii yeye na mumewe wanakula vyumbani kwao, maana amepata mafua ya safarini. Chakula chake cha kwanza mezani ni Alhamisi ya wiki ijayo, karamu ya mwisho ya msimu. Askofu anakuja na mkewe.

Jumatano, 18 Januari

Asubuhi nilimpelekea Bibi Mkubwa kadi za majina ili aseme nani akae wapi. Akazipanga moja baada ya nyingine juu ya blanketi. Jina lake mwenyewe hakuligusa.

Nikauliza, "Na mwisho wa meza, Bibi Mkubwa?"

"Kama kawaida, Raine."

Nikasimama. Akanyanyua macho. "Kuna jambo? Nilidhani unaulizia nyumba ya langoni. Nimemwambia wakili aandike hati baada ya karamu."

Nikashuka, nikapanda ngazi nyingine hadi kwa Bwana Pardoe. Amekonda mpaka pua ndiyo imebaki. Nikamweleza. Hakufikiri hata kidogo.

"Bibi Mdogo akae mwisho wa meza. Hilo si swali."

"Bibi Mkubwa ameagiza."

"Mimi ningeliweka jina la Bibi Mdogo pale, na Bibi Mkubwa angekasirika wiki mbili, kisha angeshukuru." Akakohoa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Lakini si mimi ninayetaka nyumba ya langoni, mwanangu. Sitakuhukumu."

Afadhali angenihukumu. Nimeshuka nimeweka jina la Bibi Mkubwa kama kawaida. Nakuandikia ili ujue nilifanya nikiwa na akili zangu timamu, na kwa ajili ya nani.

Ijumaa, 20 Januari

Karamu imepita. Nitaandika yote, hata kama vyombo vya fedha vitangoja.

Meza ilikuwa nzuri, niseme ukweli. Sikuwahi kutandika meza nzuri kama ile. Wakaingia wawili wawili. Bibi Mdogo, katika gauni la rangi ya njiwa, akaenda moja kwa moja hadi mwisho wa meza. Kumbe hilo alilijua, mama yake alimfundisha. Akasoma kadi. Akaisoma tena. Kisha akaanza kuzunguka meza akisoma majina ya watu, akitabasamu kidogo kila kiti, kama mtoto anayetafuta jina lake katika orodha ya waliofaulu. Mumewe alikuwa anacheka na askofu, hakuona. Jina la mkewe nilikuwa nimeliweka katikati ya ubavu, kati ya kanali mzee na padri kiziwi.

Mke wa askofu aliona. Ni mwanamke mdogo mwenye lulu nyingi na uso usiosema kitu. Alikaa, akatandaza kitambaa chake, akamtazama Bibi Mkubwa kitambo kidogo, kisha akala supu yake.

Nyama ilipoingia Bibi Mkubwa akageuza shingo, meza ikageuka. Bibi Mdogo akageukia upande usio wake. Kanali akampa mgongo. Padri akampa mgongo. Nilikuwa nimeshika sinia la kwale ubavuni kwake. Hakuwa na mtu wa kumtazama mbele yake ila chombo cha chumvi, akakitazama hicho. Akala polepole sana, mtu anavyokula ili asimalize mapema akabaki bila kazi. Keziah, naijua namna hiyo ya kula. Ninaila pudini yangu vivyo hivyo.

Tukaleta matunda. Wakanawa vidole. Ukafika wakati wa wanawake kutoka. Bibi Mkubwa akaweka vidole juu ya kitambaa chake, akanyanyua jicho lile kumtafuta mke wa askofu. Hakulipata. Mke wa askofu alikuwa amegeuka wazi kabisa kumtazama Bibi Mdogo, akingoja, kama mtu anayesema bila kusema: mwenye nyumba ni yule, yeye atakaponiinua ndipo nitakapoinuka.

Bibi Mkubwa akamtazama tena. Akanyimwa tena.

Mtu haruhusiwi kuinuka peke yake. Ingekuwa ni kukimbia. Na Bibi Mdogo hakujua kwamba anangojewa. Aliketi mikono mapajani, akidhani bado kuna chakula. Maongezi yakaanza kufa, kwanza mwisho wa meza, kisha katikati, mpaka nikasikia mshumaa ukilia. Wanaume wakatazama chupa. Wanawake wakatazama vidole vyao. Nilimwona Bibi Mkubwa usoni. Rangi ilikuwa imemtoka, na mkono wake ulikuwa umekikamata kitambaa, huo mkono ulioendesha meza hii miaka thelathini.

Phyllis, ukutani, alikuwa anatazama miguu yake. Kabati.

Nikachukua bakuli la zabibu ambazo hakuna aliyeziomba. Nikamwendea Bibi Mdogo mkono wa kushoto, nikainama. Nikasema chini kabisa, "Weka kitambaa mezani, Bibi. Mtazame mwenye lulu. Kisha inuka. Nimeshika kiti."

Hakunigeukia, na Mungu ambariki kwa hilo. Akaweka kitambaa. Akatazama. Mke wa askofu akatabasamu, mara ya kwanza jioni yote, akainuka, na wanawake wote wakainuka kwa kishindo cha hariri, kama watu waliotolewa kizuizini. Bibi Mkubwa aliinuka wa mwisho.

Mlangoni Bibi Mdogo akasimama kando ili mama mkwe atangulie. Bibi Mkubwa akapita bila kumtazama. Alinitazama mimi.

Hapo nikajua, dada. Nilikuwa nimelipia nyumba ya langoni kwa kadi ile, na nimeirudisha kwa maneno yale.

Jumamosi, 21 Januari

Nilimpelekea Bibi Mkubwa chai mwenyewe. Sikutaka Phyllis apigwe na mvua iliyokuwa yangu.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ainuke, Bibi Mkubwa."

"Kwa nini?"

"Alikuwa peke yake."

Akakoroga chai isiyo na sukari. "Na mimi nilikuwa na nani?"

Sikuwa na jibu la adabu, nikampa la kweli. "Wewe ulikuwa unajua la kufanya. Yeye hakujua."

Akanywa. "Chai imepoa," akasema. Ilikuwa inatoa moshi.

Jumatano, 25 Januari

Baridi kali, bwawa limeganda. Bwana Roland amempa dereva wake nyumba ya langoni. Wameanza kuingiza magodoro. Dereva ana mke na mapacha, sina la kusema, watoto wale wana baridi kama wengine.

Bibi Mdogo alinisimamisha kwenye korido. "Nimeambiwa ulikuwa umeahidiwa pale. Sikujua. Roland alishampa neno. Ningemwambia, lakini bado sijui namwambiaje mambo." Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia.

Nilianza kukuandikia ile barua nyingine, ya kukubali. Niliandika "Dada mpenzi, mchukueni" nikasimama hapo. Nimeichoma.

Jumamosi, 28 Januari

Phyllis amenishonea kitufe cha koti bila kuombwa. Alisema, "Usinitazame hivyo, nimechoka tu kukiona kinaning'inia." Nilimdhani ni wa mzaha tupu huyu, kumbe.

Jumatatu, 30 Januari

Bibi Mkubwa aliniita baada ya chakula cha mchana. Vitabu vyake vilikuwa vimeshushwa rafuni.

"Ninahamia Nyumba ya Mjane wiki ijayo. Kabla hawajaniambia. Nitahitaji mpishi wa kuja na kurudi, na mtu mmoja wa ndani. Meza ya mtu mmoja, Raine, lakini itatandikwa sawasawa. Mshahara utapungua, na cheo hakipo. Kuna unyevu."

"Na bundi," nikasema.

"Na bundi."

Nikamwuliza kwa nini mimi. Akatazama nje, kwenye bwawa.

"Kwa sababu watu wote walikuwa wakingoja kuona nitafanyaje, na wewe ukaleta zabibu. Ulimwinua yule msichana. Uliniinua na mimi, ingawa hukukusudia."

"Nilikusudia nusu, Bibi Mkubwa."

Mdomo wake ulisogea kidogo. "Nusu yatosha. Sitaki mtu anayenipenda. Nataka mtu anayejua kazi."

Basi, Keziah, nilisema, "Nitakuja na mwanangu, au siji."

Akasogeza rundo la vitabu kando.

"Ana miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Analia?"

"Analia, Bibi Mkubwa. Na anauliza kwa nini."

"Anakula na nini?"

"Kijiko. Na mkono, nikigeuka."

"Hatakula mezani kwangu."

"Hatakula. Atakula jikoni, na mimi nitakula naye, chakula chote, na pudini."

Aliniangalia kwa muda, na sikuinamisha macho. Kisha akafungua kitabu kimojawapo, ambacho sidhani kama alikisoma. "Chumba cha juu ya jiko ndicho kikavu. Chukueni hicho. Funga mlango, kuna upepo."

Jumanne, 31 Januari

Leo ndiyo siku uliyonipa, na jibu ni hapana, dada yangu. Hetty haendi Kanada.

Nakuandikia nikijua unachokisoma. Najua umemshonea koti la safari, maana nililiona Novemba juu ya mashine, na mimi nikajifanya sikuliona. Najua nyumba yenu ya huko itakuwa na kitanda kimoja pungufu. Ulimpokea akiwa mdogo kama mkate, mimi nikiwa sina mume wala maziwa, na kama kuna mtu mwenye haki ya kuitwa mama na mtoto huyu mara mbili, ni wewe. Lakini ni wangu. Atalia wiki nzima akikutafuta, na nitamwacha alie, na nitakuwepo. Usije naye mwenyewe. Mkiagana kwangu hatutaweza sote watatu. Mkabidhi kwa mlinzi wa treni ya saa nne, Jumanne ya wiki ijayo, na nitakuwa stesheni tangu mapema.

Bwana Pardoe ameanza kula uji. Phyllis ndiye anayetoka na pudini sasa. Kurasa zote zimo humu, hata zile zisizonipendeza.

Vitu ninavyohitaji bado unitumie: koti lile la safari, kama utaweza kuachana nalo. Viatu vyake, na kama vimembana, viache, nitatafuta vingine. Nguo za kulalia mbili. Cheti cha ubatizo. Kikombe anachonywea, hata kama kimepasuka. Na karatasi, kwa mkono wako, uniandikie: analala ubavu gani. Mkate wake unaukata vipi. Anaogopa nini. Mbwa anamwita nani, na maji anayaita nini, na nani kati ya wanasesere wake ndiye mkubwa. Akiamka analia, wewe humwambia maneno gani, uyaandike yote kama yalivyo, kwa mpangilio wake, maana hayo sina.